Mwanafunzi, Mila na Mama Zake: Tunachojifunza katika Insha ya Kijana Nyerere



Ndugu wapendwa, kila vyuo vinapofungwa na vijana wetu kurudi nyumbani, sisi mapadre tunaoishi nanyi parokiani hupokea malalamiko ya namna moja. Mzazi hufika ofisini na kueleza kwamba mwanawe aliondoka akiwa mtoto wa kanisa, mtumishi wa altare au mwimbaji wa kwaya, na sasa amerudi anahoji kila kitu. Anauliza kwa nini dada yake aache shule ilhali kaka zake wanaendelea. Anauliza mahari ni shukrani au ni bei. Anauliza kwa nini wajomba wakae kikao juu ya maisha ya binti ambaye hakuitwa kwenye kikao hicho. "Chuo kimemharibu," ndilo neno linalotumika.

Wapo kweli walioharibika, na tutawagusa mbele kidogo. Lakini kabla ya kukubali kwamba kuhoji mila ni kuharibika, tunawaalika mumtazame mwanafunzi mmoja aliyehoji mila za kwao akiwa na umri wa miaka 22 hivi, akiwa bado anasoma, mwaka mmoja tu baada ya kubatizwa. Mwanafunzi huyo ni Julius Kambarage Nyerere, ambaye tangu mwaka 2005 tunamwita Mtumishi wa Mungu, baada ya Jimbo la Musoma kufungua mchakato wa kumwombea atangazwe mwenyeheri. Tumezoea kumtazama akiwa Rais, mwenye fimbo mkononi. Leo tumtazame akiwa na kalamu ya mwanafunzi.

Kambarage alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Alianza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa tayari na miaka 12, kisha akaendelea katika shule ya serikali ya Tabora. Mwaka 1943 akaingia Makerere, Uganda, kusomea ualimu, na tarehe 23 Desemba mwaka huo huo akabatizwa na kupewa jina la Julius. Mwezi wa ubatizo wake, basi, ulimkuta akiwa tayari ni mwanachuo. Elimu ya juu na imani viliingia katika maisha yake karibu kwa pamoja, jambo ambalo wale wanaodhani kwamba kimoja lazima kimfukuze mwenzake wangefanya vema kulitafakari.

Makerere yenyewe ilikuwa na umri sawa na wake, kwani ilianzishwa mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Katika miaka hiyo ya 1940 ndicho kilichokuwa kilele cha masomo kwa vijana Waafrika wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Tukisema vijana, tuelewane: wanaume. Kaulimbiu ya chuo ilihimiza kwa Kiingereza, "na tuwe wanaume", na hapakuwa na mwanafunzi wa kike hata mmoja. Wanawake wa kwanza, sita kwa idadi, waliandikishwa mwaka 1945, ndipo kaulimbiu ikabadilishwa na kuwa maneno ya kujenga kwa ajili ya siku zijazo. Kwa hiyo mwaka 1944, kijana wa Butiama alipoketi kuandika juu ya uhuru wa wanawake, aliandika katika chuo ambacho mwanamke alikuwa hajaruhusiwa kuketi darasani.

Insha hiyo aliiandikia mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki, nayo ikapata zawadi ya kwanza. Msingi wake ulikuwa kitabu cha mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill kuhusu kutiishwa kwa wanawake, kilichochapishwa mwaka 1869. Hoja ya Mill, kwa ufupi, ni hii: kutiishwa kwa mwanamke chini ya mwanamume hakukutokana na uchunguzi wowote ulioonyesha kuwa ndivyo inavyofaa. Kulianza kwa nguvu, mwenye misuli akimtawala asiye nayo, na baadaye sheria na desturi zikaja kukivisha kitendo hicho vazi la heshima. Watu wakikizoea kitu kwa muda mrefu, hukiita cha asili. Na hakuna awezaye kusema mwanamke kwa asili yake anaweza nini au hawezi nini, maana hajawahi kuachwa akue bila kuzuiwa. Mill aliyasema hayo kuhusu Uingereza, nchi iliyokuwa na malkia kwenye kiti cha enzi huku wanawake wake wakiwa hawana kura.

Mwanafunzi wetu alikichukua kitabu hicho na kukigeuzia uso nyumbani kwao, kwa Wazanaki. Hapa ndipo penye jambo. Mwanafunzi mvivu angeweza kuandika kurasa kumi za kumsifu Mill na kupata alama nzuri. Yeye alikuwa na cha kulinganisha. Mtemi Burito alikuwa na wake 22, na mama mzazi wa Kambarage, Mugaya Nyang'ombe, alikuwa mmoja wao. Katika mahojiano aliyoyatoa mwishoni mwa maisha yake, Mwalimu alieleza uhusiano huo waziwazi: aliijua hali ya wanawake hao, kazi nzito waliyoifanya na yaliyowapata kwa sababu tu ni wanawake, na kwa kuandika insha ile alikuwa ameanza kulisogelea wazo la uhuru, ingawa kwa nadharia tu. Uhuru wa nchi ulikuwa bado haujamjia akilini. Aliwaza namna ya kuboresha maisha ya watu wake.

Katika lugha zetu mke wa baba ni mama. Kijana huyu alikuwa na mama 22. Kabla hajawaza kwamba Mwafrika anatawaliwa na Mzungu, alikuwa amewaza kwamba mama anatawaliwa nyumbani. Tunaona uzito mkubwa katika mpangilio huo. Ni rahisi sana kuuona udhalimu wa mgeni. Udhalimu unaotunufaisha sisi wenyewe, unaotuletea ugali mezani na maji ya kuoga yaliyokwisha kupashwa moto, huonekana kwa shida sana, na msomi wa kiume ndiye wa mwisho kuuona kwa kuwa ndiye anayepakuliwa kwanza.

Isidhaniwe kwamba tunamchora Mtemi Burito kama mtu katili. Ndiye aliyekubali mwanawe apelekwe shule wakati wazee wengi hawakuona faida yake. Aliishi kama watemi wa zamani zake walivyoishi. Kwa desturi hiyo hiyo alikuwa amekwisha kumposea mwanawe binti mdogo, Kambarage akiwa bado shuleni. Kijana baadaye alishika njia nyingine: mwaka 1953 alifunga ndoa ya Kikristo na Maria Gabriel, msichana aliyesomea ualimu kwa masista na kufundisha. Yale aliyoyaandika akiwa mwanafunzi hayakubaki kwenye karatasi ya mashindano.

Je, basi, alikuwa mtu wa kudharau utamaduni wa kwao? Matendo yake yanatujibu. Mwezi Desemba 1962, mara tu alipokuwa Rais wa Jamhuri, aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akilalamika kwamba ukoloni uliwafanya Waafrika waamini hawana utamaduni wowote wa maana. Ni yeye aliyeufanya mchezo wa Shakespeare uzungumze Kiswahili, *Julius Caezar*, uliotoka mwaka 1963. Mwaka 1967 katika *Elimu ya Kujitegemea* aliikosoa elimu iliyomfanya msomi mchanga ajione ni bora kuliko wazee wake waliobaki na jembe. Mtu yule yule, kwa hiyo, aliutetea utamaduni na kuuhoji. Hatuoni mgongano hapo. Mwenye nyumba huziba paa linalovuja kwa sababu anakusudia kuendelea kulala humo. Mpangaji anayehama kesho hajali.

Sasa tuulize Mama Kanisa anasemaje, maana hili ndilo swali la mzazi aliyekuja ofisini.

Tuanze na Bwana wetu mwenyewe. Katika sura ya saba ya Injili ya Marko, Mafarisayo wanamlalamikia kwa sababu wanafunzi wake wanakula bila kunawa kama desturi ya wazee inavyotaka. Yesu anawajibu kwa mfano ambao mara nyingi tunausoma haraka kanisani bila kuuelewa, ule wa korbani. Desturi hiyo ilikuwa hivi: mtu aliweza kutamka kwamba mali yake ni korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, na baada ya tamko hilo hakuwajibika tena kumsaidia baba yake wala mama yake kwa mali hiyo. Kwa nje lilikuwa tendo la kidini kabisa. Kwa ndani, mama mzee alikuwa analala njaa. Yesu hakuipinga desturi hiyo kwa kuwa ni ya kale, wala hakuwapinga wazee kwa kuwa ni wazee. Alitazama nani anaumia, akakuta ni wazazi, na akaonyesha kwamba amri ya Mungu ya kuwaheshimu ilikuwa imetanguliwa na mapokeo ya wanadamu. Kipimo hicho tumeachiwa. Kila tunapoambiwa kuwa jambo fulani ni mila, hatuna budi kuuliza kama alivyouliza Bwana: ni nani analala njaa ili mila hii isimame?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Kanisa katika Ulimwengu wa Leo iliyotolewa tarehe 7 Desemba 1965, ulifundisha kwamba mwanadamu hufikia ubinadamu kamili kwa njia ya utamaduni tu. Hilo ni fundisho la kuuheshimu utamaduni kuliko watu wengi wanavyodhani. Lakini hati hiyo hiyo inasema pia kwamba Habari Njema huusafisha na kuuinua utamaduni wa kila taifa. Na katika namba ya 29, ikizungumzia haki za msingi ambazo bado haziheshimiwi, inataja kwa jina kabisa mwanamke anayenyimwa uhuru wa kumchagua mume, au wa kuchagua hali yake ya maisha, au wa kupata elimu na utamaduni sawa na mwanamume. Mababa wa Mtaguso waliyatamka hayo miaka 21 baada ya insha ya Makerere.

Kuna msomaji atakayeguna kwamba Mill hakuwa mtu wa Kanisa. Ni kweli, hakuwa. Wala Cicero hakuwa Mkristo, na bado Mtakatifu Augustino anatusimulia katika *Maungamo* yake kwamba kitabu cha Cicero kiitwacho *Hortensius*, alichokisoma akiwa mwanafunzi kijana huko Karthago, ndicho kilichouamsha moyo wake kuitafuta hekima, na hatimaye kumtafuta Mungu. Kanisa halikuwahi kufundisha kwamba ukweli huzaliwa sakristia tu. Kijana wetu akirudi na kitabu, tukisome naye kabla ya kukitupa.

Tumeahidi kuwagusa walioharibika. Wapo wanaohoji mila kwa sababu tu wamesikia zikidhihakiwa na watu wanaowaonea fahari. Hawa huwatambui kwa maswali yao, maana maswali huweza kufanana na ya wengine neno kwa neno. Unawatambua kwa wanachokifanya baada ya kuuliza. Mmoja anaona haya kuzungumza lugha ya bibi yake, anakaa barazani na simu huku dada yake akirudi kisimani na ndoo kichwani, na jioni analalamika kwamba jamii yetu inawanyanyasa wanawake. Mwingine anasema maneno machache na kuibeba ndoo. Nyerere alipomaliza Makerere hakutafuta cheo serikalini. Alikwenda kufundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, shule ya Wamisionari wa Afrika, kuanzia mwaka 1946 hadi alipokwenda kusoma Edinburgh mwaka 1949.

Lakini haki inatutaka tuseme pia juu ya watetezi wa mila. Tumeshuhudia ukoo ukitaja mila kwa sauti kubwa siku ya kupokea ng'ombe za binti. Tumeuona ukoo huo huo ukiwa kimya siku mtoto yatima wa marehemu ndugu yao alipohitaji ada, ingawa mila za babu zetu zilikuwa wazi kwamba yatima ni wa ukoo mzima. Mila inayokumbukwa inapoleta na kusahaulika inapodai imeshakuwa biashara.

Yatupasa pia kuona mahali ambapo kazi ya insha ile haikukamilika, hata mikononi mwa mwandishi wake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilitungwa Mwalimu akiwa Rais. Ilikuwa sheria yenye ujasiri kwa wakati wake: iliziweka chini ya paa moja ndoa za kikristo, za kiislamu, za kimila na za kiserikali, ilidai ridhaa ya hiari ya wote wawili, na ilitamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Hata hivyo kifungu cha 13 kiliweka umri wa kuoa wa mwanamume kuwa miaka 18 na wa mwanamke miaka 15, na mahakama ikaweza kuruhusu hata 14. Katika nchi iliyotaka kuwaridhisha wazee wa kila dini na kila kabila, aliyepunguziwa miaka ni binti.

Ilichukua muda mrefu kabla ya kifungu hicho kuhojiwa mahakamani, na aliyekihoji alikuwa tena kijana aliyetoka chuoni, mwanasheria Rebeca Gyumi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikubaliana naye kwamba kifungu cha 13 na cha 17 vinakwenda kinyume cha Katiba. Serikali ilikata rufaa, na mwezi Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupilia mbali. Tunaliandika hili kwenye ukurasa wa jimbo kwa makusudi, kwa kuwa wapo waamini wanaofikiri ni ugomvi wa wanaharakati na wanasiasa usiowahusu watu wa altare.

Unatuhusu. Kanuni ya 1083 ya Sheria za Kanisa inataja miaka 16 kwa mwanamume na 14 kwa mwanamke kama mpaka ambao chini yake ndoa haiwezi kuwa halali, na tumewahi kumsikia mzazi akiitaja kanuni hiyo kama kibali. Si kibali. Kanuni hiyo hiyo inaziachia mabaraza ya maaskofu kuweka umri mkubwa zaidi ili ndoa ifungwe kihalali, na kanuni ya 1072 inawaagiza wachungaji wawazuie vijana wasifunge ndoa kabla ya umri unaokubalika katika nchi. Zaidi ya yote, kanuni ya 1057 inafundisha kwamba ndoa huzaliwa na ridhaa ya wawili hao wenyewe, na hakuna mamlaka ya kibinadamu iwezayo kuitoa ridhaa hiyo kwa niaba yao. Baba hawezi. Mjomba hawezi. Ng'ombe kumi na wawili hawawezi. Binti wa kidato cha pili anayeitikia "ndiyo" kwa sababu mahari imeshaliwa hajatoa ridhaa, na kinachofuata mbele ya altare, hata kama kwaya imeimba vizuri na picha zimepigwa, kinaweza kisiwe ndoa kabisa.

Kwa sababu hiyo tunayaomba mambo machache kutoka kwenu. Wanafunzi wa TMCS wanaporudi likizo, jumuiya ndogo ndogo ziwape nafasi ya kusema, wala wasipewe tu kazi ya kupanga viti. Jumuiya nyingi hazijawahi kumuuliza mwanachuo wake anasoma nini. Wanapouliza maswali makali juu ya mahari, juu ya urithi wa wajane, juu ya binti aliyepata mimba akazuiwa kurudi shule ilhali tangu Novemba 2021 serikali imekwisha kuruhusu wasichana hao warudi, wazee wawajibu kwa hoja. Nao vijana wakumbuke kwamba mzee anayetetea mila mara nyingi anatetea kumbukumbu ya watu aliowapenda, asichekwe.

Na kwa familia zinazojiandaa kuoza mabinti zao mwaka huu: yale mahojiano ya wachumba yanayofanywa na paroko kabla ya kutangazwa ndoa ndiyo mahali ambapo Kanisa linauliza swali la uhuru kwa sauti na kuandika jibu. Kila mchumba huulizwa peke yake, mlango ukiwa umefungwa. Wazazi na wajumbe wa ukoo waliomsindikiza binti wanaombwa wasubiri nje, nao wasikasirike mahojiano yakichukua muda. Binti akisema hayuko tayari, paroko hatatangaza ndoa hiyo, na hatalazimika kuieleza familia ni kitu gani aliambiwa.